Punda Afe, Mzigo Ufike: Wanyama wa Vita katika Njia ya Tabora

Masika ya mwaka 1871 yalikuwa yameanza wakati msafara wa Henry Morton Stanley ulipopiga kambi Kingaru, mwendo wa siku chache tu kutoka Bagamoyo. Msafara ulikuwa unaelekea Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kutoka hapo Ujiji, kumtafuta Daktari Livingstone. Mlikuwamo punda 27 na farasi wawili. Mmoja wa farasi hao, wa kijivu, mwenye asili ya Uarabuni, alikuwa zawadi ya Sultani Sayyid Barghash wa Zanzibar. Hapo Kingaru farasi huyo akafa. Stanley akaamuru achimbiwe shimo, akazikwa kando ya kambi.

Jumbe wa Kingaru alipopata habari alikuja na swali. Nani kakupa ruhusa ya kumzika mnyama wako katika ardhi yangu? Akadai faini ya doti mbili za kitambaa cha merikani. Stanley akamjibu kwamba kama tatizo ni kaburi, basi atamfukua farasi, atafukia shimo lirudi kama lilivyokuwa, na mzoga atauacha juu ya ardhi. Jumbe akapima maneno hayo, akaona harufu itakayobaki kijijini baada ya mgeni kuondoka, akasema yaishe: aliyekwisha kuzikwa aachwe apumzike. Haikupita muda, farasi wa pili naye akafa.

Stanley alikisimulia kisa hiki kama mfano wa tamaa ya machifu wa njiani. Mimi nimekisoma mara nyingi, na kila mara naona kwamba jumbe yule aliuliza swali zito kuliko yote yaliyoulizwa katika njia ile. Miaka 45 baadaye mizoga ilijaa nchi nzima, na hakuna aliyekuja kuomba ruhusa ya mtu.

Njia iliyotembea kwa miguu

Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikakata nyika ya Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikashuka hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilipita humo kwenda pwani. Nguo, shanga na bunduki zikapita humo kwenda bara. Watumwa pia walipitishwa humo, wengine wakiwa wamebebeshwa mzigo uleule ambao ungeuzwa pamoja nao. Na karibu kila kitu kilichopita kilipita juu ya kichwa au bega la mtu. Mbele alitangulia kirangozi, nyuma yake wapagazi mmoja mmoja, wengi wao Wanyamwezi, ambao kazi ya safari ilikuwa kwao fahari na njia ya kujipatia mahari.

Wageni kutoka Ulaya walishangaa. Mbona hakuna mikokoteni? Mbona hakuna maksai wa kuvuta wala farasi wa kubeba? Wengi walihitimisha kuwa ni uvivu wa kufikiri. Jibu lilikuwa linaruka mbele ya macho yao: mbung'o, nzi mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, anayelaza mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Anapomuuma ng'ombe au farasi humwachia vijidudu vya damu. Mnyama hukonda huku bado anakula, macho hutoa machozi, manyoya husimama, miguu ya nyuma huanza kuyumba, na siku moja asubuhi haamki. Ugonjwa huu ndio nagana. Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora ni makao ya mbung'o tangu zamani.

Wenyeji walilijua jambo hili bila darubini. Walijua pori gani halipitiki na ng'ombe, walijua kupitisha mifugo usiku nzi wakiwa wametulia, walijua kuchoma na kufyeka vichaka ili makazi yabaki peupe. Punda wa Unyamwezi, mdogo na mgumu, walimfuga na kumtumia pale alipoweza kuishi. Pale alipokufa, walibeba wenyewe. Kutembea kwa miguu kulikuwa elimu.

Mgeni mmoja aliyejaribu kuipima elimu hiyo kwa makusudi alikuwa Livingstone. Mwaka 1866 aliingia bara kupitia Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda, ili aone nani kati yao atahimili mbung'o. Wote wakaisha, kwa kuumwa na nzi na kwa vipigo vya wasimamizi wao. Alikuwa pia na mbwa mdogo mwenye manyoya ya kujisokota, jina lake Chitane, aliyekuwa akikimbia mbele na nyuma ya msafara kana kwamba yeye ndiye mlinzi. Januari 1867, wakivuka kinamasi kirefu ambacho watu walikipita maji yakiwa kiunoni, hakuna aliyekumbuka kumbeba. Chitane aliogelea mpaka nguvu zikamwishia, akazama. Livingstone, ambaye baadaye alikaa miezi kadhaa katika tembe la Kwihara nje kidogo ya Tabora, aliandika kifo hicho katika shajara yake kwa huzuni.

Kisha wakaja tembo. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwaleta tembo wanne waliofundishwa kazi kutoka India, wakashushwa Msasani chini ya Kapteni Frederick Carter. Walikusudiwa kutembea kupitia Mpwapwa na nchi ya Unyamwezi hadi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kuonyesha kwamba mnyama mkubwa anaweza kuchukua nafasi ya mpagazi. Wenyeji wa njiani, waliomjua ndovu kama mnyama wa kuwindwa, walijazana kumtazama tembo anayemtii mtu. Mbung'o hawakuwaua. Waliouawa waliuawa na mizigo mizito na chakula haba. Watatu walianguka njiani. Desemba 1879 alifika Karema mmoja tu, jike aitwaye Pulmalla, naye hakudumu. Carter mwenyewe aliuawa Juni 1880 akiwa njiani kurudi pwani, katika mapigano yaliyohusisha majeshi ya Mtemi Mirambo.

Basi ushahidi ulikuwa umekwisha kutolewa: farasi wawili, punda wasiohesabika, ngamia, nyati na tembo. Njia ilikuwa imesema.

Mizinga miwili

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Mzinga ni gogo lililochongwa au gome lililokunjwa na kutundikwa mtini ili nyuki watengeneze asali, kazi ambayo Tabora inajulikana kwayo mpaka leo. Mzinga pia ni silaha inayorusha makombora. Novemba 1914, Tanga, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, mizinga hiyo miwili ilikutana.

Jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, lilishuka ufukweni kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Tarehe 4 Novemba mapigano yaliingia katika mashamba na vichaka vilivyokuwa na mizinga ya nyuki. Risasi za bombomu zilipoyapasua makazi yao, nyuki wakatoka kwa maelfu. Waliwashambulia Waingereza, na hawakuwabagua Wajerumani. Askari waliokuwa wamesimama imara mbele ya bunduki walikimbia wakijipiga nyusoni. Waingereza walishindwa, wakarudi melini, na baadhi yao wakadai kwamba Wajerumani waliwatega kwa nyuki. Hapakuwa na mtego wowote. Walikuwa viumbe waliovunjiwa nyumba wakafanya wanachojua kufanya. Katika vita vile vyote, hao ndio wanyama wachache walioweza kujibu.

Mwaka wa mizoga

Februari 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alishika uongozi wa majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki. Yeye na makamanda wake walikuwa watu wa farasi. Vita vyao vya nyumbani walivipigana juu ya matandiko. Walitaka kumzunguka adui kwa mwendo wa kasi. Na hawakuwa na kisingizio cha kutojua, kwani miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita tangu David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza lilelile, athibitishe huko Zululand kwamba mbung'o ndio wanaoeneza nagana.

Aprili 1916, katikati ya masika, mmoja wa makamanda hao, Jenerali van Deventer, alitoka Arusha na wapanda farasi wapatao 1,200 kwenda Kondoa Irangi. Aliuteka mji, lakini nyuma yake mamia ya farasi walilala barabarani, wengine katika tope hadi tumboni. Waliobaki hawakuweza kuendelea, na jeshi likakwama hapo kwa majuma mengi, askari nao wakiugua malaria na njaa. Mwishoni mwa Julai wakafika Dodoma, juu ya njia ya kale ya misafara, ambayo sasa ilikuwa na reli ya Wajerumani iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wajerumani, wakirudi nyuma, walikuwa wakivunja madaraja. Chakula cha jeshi kikabidi kiendelee kubebwa na wanyama.

Madaktari wa mifugo waliwapa farasi na nyumbu aseniki, sumu ambayo kwa kipimo kidogo huchelewesha nagana. Haikuwa tiba. Ilimwezesha mnyama kutembea majuma machache zaidi chini ya mzigo kabla ya kuanguka. Punda afe, mzigo ufike: ni methali ya wahenga. Mwaka ule ikawa mpango wa jeshi.

Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916 peke yake, majeshi ya Uingereza yalipoteza takriban farasi 10,000, nyumbu 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500. Ni miezi miwili tu hiyo. Barabara zilijulikana kwa harufu kabla hazijaonekana kwa macho. Fisi na simba walishiba nyama wasiyoiwinda. Na mzigo haukufika: askari wa mbele waliishi kwa nusu posho, kisha robo, kwa sababu mnyama alikuwa akifa kabla hajamaliza safari, na mara nyingi alikuwa amekula njiani sehemu kubwa ya kile alichokibeba.

Mnyama alipoisha, ilimrudia mtu. Pande zote zilikamata wanaume vijijini kuwa wapagazi, na safari hii hapakuwa na fahari, wala mapatano ya ujira na kirangozi, wala hiari ya kukataa. Jumla yao ilikaribia milioni moja. Wabelgiji peke yao walichukua zaidi ya laki mbili. Upande wa Waingereza inakadiriwa wapagazi 95,000 hivi walikufa, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Kariakoo, jina la soko tunaloingia kila siku Dar es Salaam, ni jina la kikosi cha wapagazi hao katika vinywa vya watu wetu. Yule aliyetembea kwa elimu yake mwaka 1871 alilazimishwa mwaka 1916 kuwa badala ya nyumbu, naye akafa kifo cha nyumbu.

Ndovu wa dhahabu

Tabora yenyewe ilikuwa wakati huo makao ya serikali ya Kijerumani, baada ya Gavana Heinrich Schnee kuhamia huko. Meli za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani, na fedha ilikuwa imekwisha. Basi katika karakana ya reli Wajerumani wakaanza kutengeneza sarafu wenyewe: hela za shaba, neno ambalo limebaki midomoni mwetu mpaka leo, na sarafu za dhahabu za rupia 15, zilizofikia 16,000 hivi. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Upande mmoja wa sarafu hiyo amechorwa ndovu aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake.

Nimewahi kuitazama picha ya sarafu hiyo kwa muda mrefu. Ndovu huyo ni mzima, mwenye pembe kamili, hana mzigo mgongoni. Wakati anapigwa chapa, kiboko na wanyama wengine wa porini walikuwa wakiwindwa ili majeshi yapate nyama na mafuta ya kupikia, na ng'ombe wa wakulima walikuwa wakiswagwa kutoka mazizini kwa stakabadhi ambazo wengi hawakulipwa.

Kutoka magharibi walikuja Wabelgiji wa Kongo chini ya Jenerali Charles Tombeur. Katikati ya mwaka 1916 ndege zao, zinazoelea juu ya maji, ziliruka kuvuka Ziwa Tanganyika na kuangusha mabomu Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, ambayo baadaye iliibuliwa na kuwa Liemba. Kigoma ilianguka mwishoni mwa Julai. Askari wa Kongo wakafuata reli kuelekea mashariki, wenzao wakishuka kutoka kaskazini, na mapema Septemba wakakutana na jeshi la Jenerali Kurt Wahle nje ya Tabora. Lulanguru na Itaga zilipigwa kwa mizinga kwa siku kadhaa. Wahle akatoroka na jeshi lake kuelekea kusini mashariki, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia mjini.

Majuma ya kwanza ya utekaji wa Tabora ndiyo yaleyale ambayo, mashariki zaidi katika nchi hiyohiyo, farasi 10,000 na nyumbu 10,000 walikuwa wakifa.

Kilichobaki zizini

Vita havikuisha kwa mkataba wa Wazungu. Katika Ugogo, katikati ya njia ya misafara, majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Mvua iliposhindwa, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kuanzia mwaka 1917. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Kwa Mgogo ng'ombe ni akiba ya siku ya ukame. Aliyechukuliwa ng'ombe mwaka 1916 alikuwa amechukuliwa chakula cha mwaka 1918.

Na mbung'o wakasonga mbele. Kichaka hurudi nyuma penye watu na mifugo wengi, wenye kulima, kufyeka na kuchoma. Watu walipopungua na mazizi yakawa matupu, msitu uliyafuata mashamba yaliyoachwa na nzi wakaufuata msitu. Katika miaka ya 1920 malale, ndugu wa nagana katika mwili wa binadamu, ulisumbua nchi za Wasukuma na Wanyamwezi, na serikali ya Waingereza ikawahamisha watu na kuwakusanya katika makazi mapya ili waweze kuusukuma msitu nyuma. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, alitumia miaka mingi kufyeka na kuchoma vichaka kwa mpango. Kwa sehemu kubwa alikuwa anarudia kazi ambayo vijiji vilikuwa vikiifanya kabla ya vita kuviondolea mikono.

Mabomu kutoka angani

Septemba 1939 Vita vya Pili vya Dunia vilipotangazwa, London bomu lilikuwa halijaanguka hata moja. Hata hivyo, katika siku za mwanzo, wenye mbwa na paka walipanga foleni nje ya zahanati za mifugo ili wanyama hao wauawe. Walihofia mabomu, njaa na wanyama waliopagawa kwa kishindo mitaani. Inakadiriwa wanyama 400,000 walikufa katika jiji hilo peke yake, mikononi mwa watu waliowapenda.

Kwetu mabomu ya angani yalirudi na Idi Amin wa Uganda. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, yakaua raia na kuondoka na maelfu ya ng'ombe. Mwaka uliofuata, vikosi vya Tanzania vilipokaribia Kampala, Libya iliyomsaidia Amin ilituma ndege kubwa ya vita kuipiga Mwanza, mji ambao reli yake inatoka Tabora. Ilikusudiwa kulipua ghala la mafuta. Makombora matano yalikosa shabaha, yakaangukia Saanane, kisiwa kidogo cha wanyama kando ya mji, kilichofunguliwa mwaka 1964 watoto waje kuwaona pundamilia na simba kwa usalama. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo. Waliokufa ni swala. Kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na wageni wanaovuka kwa boti huja kupiga picha na pimbi juu ya mawe.

Swali la jumbe

Tangu mwaka 2004, London ina ukumbusho wa wanyama wa vita: nyumbu wawili wa shaba, wamejipinda chini ya mizigo, wakipanda ngazi kuelekea upenyo wa ukuta mweupe. Dar es Salaam ina Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, ambayo maandishi yake yanawataja pia wapagazi. Lakini mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Iliitwa fedha isiyodaiwa, ikabaki serikalini.

Kwihara bado ipo, kilomita chache kutoka Tabora mjini, na miembe ya zamani ya misafara bado inatoa kivuli. Chini ya kivuli hicho nawaza juu ya jumbe wa Kingaru na doti zake mbili. Alikuwa anasema kwamba mwenye kuleta kifo katika nchi ya watu awajibike kwa wenye nchi, hata kama aliyekufa ni farasi. Mgeni wake alichimba kaburi walau moja. Waliokuja mwaka 1916 hawakuchimba. Waliwaacha farasi, punda na wapagazi juu ya ardhi, jambo lilelile ambalo Stanley alimtishia jumbe, na ambalo jumbe alilikataa. Faini yake haijalipwa.